Vitabu Nilivyomsomea Mama

Mama yangu ni fundi cherehani, na kwa karibu miaka arobaini macho yake ndiyo yaliyotulisha. Mwaka jana ugonjwa wa mtoto wa jicho ukaanza kumfunga, kwanza jicho la kulia, kisha la kushoto, hadi akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Akahamia kwangu Tabata kusubiri upasuaji, cherehani ikabaki Temeke kwa mdogo wangu. Wiki ya kwanza alivumilia redio. Wiki ya pili, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilipokwisha, akaniambia, "Si una vitabu vyote hivyo humo ndani? Basi nisomee."

Ndivyo ilivyoanza. Kwa miezi saba, usiku ambao sikuwa zamu gazetini, tulikaa barazani kwenye mkeka nikamsomea. Umeme ukikatika, nilisoma kwa tochi ya simu. Tulipitia riwaya sita, za upelelezi, za kijasusi, za mapenzi, za kihistoria, ya sayari nyingine, na moja ambayo mpaka leo sijui niiweke kundi gani. Nilisomea fasihi ya Kiswahili chuo kikuu kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari, kwa hiyo nilidhani kusoma nakujua. Kumbe nilikuwa najua kufanya mtihani.

Kuna jambo inabidi nilikiri kwanza. Chini ya meza ya cherehani ya Mama, tangu nikiwa mtoto, kulikuwa na boksi la riwaya ndogondogo zenye majalada yaliyochanika, ambazo yeye na mafundi wenzake walikuwa wakiazimana. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilirudi likizo na istilahi mpya mdomoni. Nikamfafanulia kwamba riwaya ziko aina mbili. Kuna riwaya dhati, zinazochimba maisha, na kuna riwaya pendwa, za kustarehesha tu. Zake, nikamwambia, ni pendwa. Mama akauliza bila kuacha kukanyaga cherehani, "Kwa hiyo hizo nyingine hazipendwi?"

Nilicheka. Niliona ni swali la mtu ambaye hakusoma, maana Mama aliishia darasa la tatu, na hivyo ndivyo nilivyozoea kumweleza kwa watu: mama yangu hakusoma. Leo naona lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kuhusu fasihi, na lilinikuta sina jibu.

Tulianza na *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla. Nilikichagua kwa hila. Ni kifupi, na nilijua upelelezi utamshika. Kitabu hiki kilishinda shindano la kuandika hadithi la East African Literature Bureau la 1957/58, kikachapishwa 1960, na darasani tulikisoma kama mtu anavyopita makumbusho: hiki ndicho mwanzo wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, haya tuendelee. Tukaambiwa Bwana Msa na kiko chake ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja. Sentensi hiyo ilitutosha, wengi wetu tukaona hakuna haja ya kumsoma.

Kwa sauti, Bwana Msa si mgeni hata kidogo. Kinachokibeba kitabu ni maongezi. Watu wanasalimiana, wanaulizana hali, wanazunguka, wanatoa heshima, na katikati ya heshima hiyo mtu anaficha kitu. Abdulla alihariri magazeti Unguja, likiwemo jarida la kilimo la *Mkulima*, na mimi kama mwandishi wa habari nilimtambua mara moja. Huyu ni mtu aliyewahi kukaa mbele ya shahidi asiyetaka kusema, akamwacha aongee mpaka ajiseme mwenyewe. Maiti imekutwa kwenye mzimu, watu wanaogopa, na Bwana Msa hapotezi muda kubishana na mizimu. Anauliza habari za watu.

Kasoro yake kwangu ni mwisho. Bwana Msa anafungua fundo moja baada ya jingine, na maelezo yanakuwa marefu mpaka nikawa napiga miayo katikati ya sentensi. Mama yeye alitaka nirudie. Kabla hatujafika huko alinisimamisha akamtaja muuaji wake, akakosea, na furaha aliyoipata kwa kukosea sikuwahi kuiona kwenye semina yoyote. "Kanipiga chenga huyu mzee," alisema, akalala akitabasamu.

Kitabu cha pili alichagua mwenyewe: *Tutarudi na Roho Zetu?* cha Ben Mtobwa. Alikisoma kabla sijazaliwa, na alitaka kuona kama bado kinamtia hofu ileile. Humo Joram Kiango na Nuru wanapambana na makaburu wa Afrika Kusini, na mwendo wake ni wa kukufanya usahau chai. Kila sura inafungwa mlango mwingine ukiwa unafunguliwa. Nilijaribu mara mbili kusema "tuishie hapa leo" na mara zote mbili nikajikuta nimeendelea mwenyewe, bila kuombwa.

Kuna jambo nililikosa nilipokuwa nakiita pendwa. Mama alinikumbusha kwamba miaka ile kaburu hakuwa wa vitabuni. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa wakiishi hapahapa nchini, ANC ikiwa na shule yake Mazimbu, Morogoro, na watu walikuwa na mazoea ya kumwangalia mgeni asiyeeleweka mara mbili. Riwaya ya Mtobwa ilichukua hofu iliyokuwa mitaani ikaipa jina, sura na bastola. Kama huko si kuchimba maisha, basi sijui tunatumia jembe gani.

Ila siwezi kunyamazia wanawake wake. Karibu kila mwanamke anaingia kwa maelezo ya umbo lake kwanza, akili baadaye, kama ipo nafasi. Nuru ni hodari, lakini kitabu hakichoki kutukumbusha alivyo mzuri. Nilisimama katikati ya aya moja nikamweleza Mama hilo, kwa urefu, na istilahi mbili tatu. Akanisikiliza. Kisha akasema, "Umeanza mtihani."

Nikanyamaza, nikaendelea kusoma. Baada ya kurasa kama tatu akasema mwenyewe, kama anayeongea na giza la nje, "Najua. Mimi nilikuwa naziruka hizo."

Nimekaa nalo neno hilo pia. Tulipokuwa tunaandika kwamba msomaji wa riwaya pendwa humeza kila anachopewa, hatukumuuliza mtu hata mmoja anasomaje. Mama alikuwa anachambua kwa kidole, akifunua kurasa asizozitaka, huku miguu ikiwa kwenye kanyagio na magauni ya harusi ya watu yakisubiri.

Kwa ajili ya kujisafisha, nikaleta *Nagona*. Hiki ndicho kitabu nilichokiandikia kazi yangu ya muhula na kupata alama ya juu kabisa. Nilitaka Mama aone kwamba ada yake haikwenda bure.

Ukurasa wa pili akauliza, "Huyo anayesema ni nani?" Nikasema ni "mimi", msimulizi. "Najua ni mimi, lakini ni nani?" Sikuweza kujibu. "Yuko wapi sasa?" Sikuweza kujibu hilo pia. Nilikuwa na maneno ya kujibu mwalimu: udhanaishi, uhalisiajabu, uvunjaji wa kanuni za riwaya. Kwa mtu aliyekaa mkekani na macho yamefungwa, akijaribu kuona mahali fulani na mtu fulani, hayo maneno hayakufaa kitu. Usiku wa tatu tukakiacha. Palikuwa na kurasa chache tu, zile za ngoma kuu, ambazo Mama aliinuka akakaa vizuri. Kwingine kote alikuwa na adabu, na adabu ya msikilizaji ni jambo baya sana kwa kitabu.

Kwa haki ya Kezilahabi, hakuwa mtu asiyejua kusimulia. *Rosa Mistika*, riwaya yake ya 1971, Mama alikuwa ameisoma zamani kwa kuibiaibia, kwa sababu alisikia ni kile kitabu kilichokatazwa mashuleni. Anaweza kukusimulia Rosa mpaka leo kama anamsimulia jirani. Mtu aliyeandika *Rosa Mistika* ndiye huyohuyo aliyeandika *Nagona* mwaka 1990. Kwa hiyo aliacha simulizi ya kawaida kwa hiari yake, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Nilikirudia peke yangu, usiku Mama amelala, bila kalamu. Kwa mara ya kwanza kilinitisha. Mtu anatafuta maana mahali ambapo kila aliyedai kuwa nayo ameshapita na kuacha ukimya, na paa anayewindwa haonekani akakaa. Naamini sasa kwamba ni kitabu kizuri, ila ni cha mtu mmoja na ukurasa wake, cha kurudi nyuma na kusimama. Alama niliyopewa chuoni haikuwa ya kukielewa. Nilipewa kwa kuficha vizuri kwamba sikukielewa, na nadhani si mimi peke yangu darasani niliyefanya hivyo. Tumewafundisha vijana kwamba kitabu kigumu hujibiwa kwa istilahi. Mama aliuliza nani na wapi, na hayo ndiyo maswali ambayo *Nagona* inataka tuulize na kukosa majibu yake. Alikuwa karibu nacho kuliko mimi.

Kutoka huko tukaruka kwenda angani. *Walenisi* ya Katama Mkangi, Mkenya, ilitoka 1995, na ni moja kati ya riwaya chache sana za Kiswahili zinazomtoa mtu kwenye dunia hii kwa chombo. Mwanzo wake ni mkali. Dzombo amehukumiwa kufa, na kifo chenyewe ni kufungiwa ndani ya chombo na kurushwa. Badala ya kufa anafika kwenye sayari inayoitwa Walenisi.

Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza, Mama akalirudia taratibu. "Wale. Ni. Sisi." Kisha, "Haa! Mjanja huyu." Mimi nilipokisoma chuoni nilifika katikati ya kitabu kabla sijaelezwa na mwenzangu, kwa sababu macho yangu yaliliona kama jina la kigeni tu, neno moja lililoshikana. Sikio lilipasua kwa mara moja. Mkangi alikuwa ameandika fumbo la masikioni, nasi tukalisoma kwa macho.

Tatizo ni kwamba tukishafika Walenisi, safari inageuka mhadhara. Dzombo anaonyeshwa jamii ya usawa, anauliza, anajibiwa, anauliza tena, anajibiwa kwa aya mbili zaidi. Mama alilala mara nne, na mara ya nne nilimwacha alale nikafunga kitabu. Namwelewa Mkangi. Alikuwa mwanasosholojia, na serikali ya Moi ilimweka kizuizini miaka ya 1980. Mtu aliyenyamazishwa akipata nafasi ya kusema ana haki ya kusema yote. Lakini hadithi nayo ina haki zake. Sehemu zinazobaki kichwani ni za Dzombo akiwa peke yake ndani ya chombo, hajui kama atafika, na hizo ndizo ambazo Mkangi hatufundishi lolote.

Hapa naona ugonjwa wetu mkubwa kuliko wa kitabu kimoja. Shule zetu zimezoea kukiuliza kila kitabu ujumbe wake ni nini, na waandishi wamezoea kuujibu mapema, ili kitabu kipate nafasi kwenye mtaala. Bunilizi za sayari nyingine ndizo zinazoumia zaidi. Mwandishi anaogopa kuonekana anacheza, basi anamtuma mtu angani akatoe hotuba. Ningependa kusoma riwaya ya Kiswahili ambayo mtu anafika sayari nyingine na jambo la kwanza analouliza ni choo kiko wapi.

Mwezi wa tano Mama akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Akarudi na kiraka, amechoka, ana wasiwasi na la kushoto. Nikasema hapa panahitaji kitabu chenye watu wengi na nyumba yenye kelele. Nikachukua *Vuta N'kuvute* cha Adam Shafi.

Filamu yake, aliyoitengeneza Amil Shivji mwaka 2021, nilikuwa nimeshaiona, na kitabu nilikisoma sekondari. Kumbukumbu yangu ilikuwa ya daftari: ukoloni, harakati za uhuru Zanzibar, ndoa ya kulazimishwa, ubaguzi. Denge na magazeti yake ya siri ndiye shujaa. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza mwenye umri wa kumzaa, ni wa kuonyesha dhuluma. Mapenzi yao, tulifundishwa, ni sukari ya kutuwezesha kuinywa dawa.

Kwa sauti, kitabu kiligeuka. Siasa ndiyo iliyokuwa inakatiza, kama polisi wanavyogonga mlango watu wakiwa wanakula. Na moyo wenyewe wa kitabu, naapa, si Denge wala si mapenzi yake. Ni Mwajuma. Mwanamke asiye na kitu, mpenda taarabu, anayemfungulia mlango msichana ambaye watu wake mwenyewe wamemfungia. Kila Mwajuma alipoingia sauti yangu ilibadilika bila mimi kutaka. Shafi anaandika maongezi yake mpaka unasikia kanga ikifungwa upya kiunoni. Mama akasema, "Huyu ndiye mwenye kitabu. Wengine wapangaji."

Sijawahi kusoma uhakiki unaosema hivyo kwa ufupi hivyo. Na ukikubali kwamba Mwajuma ndiye mwenye kitabu, kasoro zake nazo zinaonekana vizuri zaidi. Denge anakuwa kama picha ya ukutani, anayependwa zaidi akiwa hayupo, na sikumbuki mahali alipomuuliza Yasmin anataka nini akasubiri jibu. Polisi wa kikoloni wamechorwa kwa rangi moja. Kitabu hakiporomoki, kwa sababu kuna chumba kimoja chenye kitanda, redio na wanawake wawili wanaocheka, na chumba hicho kimejengwa imara.

Cha mwisho kilikuwa *Peponi*. Nilikiacha mwisho kwa sababu nilikuwa na hamu nacho zaidi. Abdulrazak Gurnah aliandika *Paradise* kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Alipata Nobel 2021, na 2022 Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, riwaya yake ya kwanza kuingia kwenye Kiswahili. Miaka ishirini na nane kitabu kinachozungumza habari za pwani yetu na bara yetu kilikuwa hakisomeki na mtu kama Mama. Nilitaka kuwa mimi wa kumpa.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Ami Aziz, tajiri anayependeza, mwenye kunukia vizuri, huja nyumbani kwao na kumpa mtoto pesa akiondoka. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri naye. Anapanda treni. Huko dukani pwani, kijana anayeitwa Khalil anamweleza taratibu kwamba Aziz si ami yake, na kwamba yuko pale kwa sababu baba yake ana deni.

"Rudia hapo," Mama akasema.

Nikarudia.

"Rehani," akasema. Kisha akakaa kimya muda mrefu, nami nikadhani anasikiliza.

Akaniambia kwamba yeye aliletwa Dar kutoka Muheza na mwanamke aliyeambiwa amwite shangazi. Aliambiwa anakuja kusoma, na kwamba shule za mjini ni nzuri kuliko za kwao. Shule hiyo hakuiona. Alilea watoto wa yule mama miaka sita. Ushonaji alijifunza kwa jirani, akimshikia mtoto mgongoni huku anaangalia. Nikamuuliza kama babu alikuwa na deni. "Baba hakusema. Labda. Mtu haulizwi akiwa na miaka tisa."

Mimi kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Nimeuliza mawaziri, nimeuliza wajane wa ajali za barabarani. Sikuwahi kumuuliza mama yangu kwa nini aliishia darasa la tatu. Nilikuwa na jibu tayari, kwamba hakusoma, na nilikuwa nalisema kwa namna ya kujisifu, kwamba tazameni nilikotoka.

Wiki nzima hakutaka niendelee. Kisha jioni moja akasema, "Lete kile, tumalize." Tukamaliza. Sitaficha kwamba safari ndefu ya msafara kwenda kwa Chatu ilichosha kwa sauti. Majina ni mengi na mateso yanafanana, na mtu anayesikiliza hana pa kurudi kuangalia. Lakini bustani ya Aziz, na namna Yusuf anavyoipenda kabla ya kujua inamilikiwa vipi na nani amefungiwa nyuma yake, sijaona kitu kama hicho kwenye riwaya ya Kiswahili kwa muda mrefu. Nasema ya Kiswahili kwa kukusudia. Kuna mambo ambayo Mwingereza anayasoma kama habari za mbali, na Mama aliyasikia kama habari za mtaa. Kazi ya Hadjivayanis imefanya hilo liwezekane, na anastahili kutajwa kila kitabu kinapotajwa.

Tuligombana juu ya mwisho. Wajerumani wanapita na askari wao wakikusanya watu, na Yusuf, aliyejificha wasimwone, anatoka na kuukimbilia msafara wao. Kinaishia hapo. Mimi naona ni mwisho sahihi kabisa. Huyu kijana hajawahi kumilikiwa na nafsi yake, na anapopata dakika moja ya kuchagua, mbele yake kuna mabwana wawili tu, basi anakimbia kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine na kukuita huko kutoroka. Nilimweleza Mama hivyo, safari hii bila istilahi.

"Kamwacha mtoto njiani," alisema. "Mwandishi amechoka naye akamwacha."

Nikasema hapana, anataka sisi tubaki na uchungu wa kutojua.

"Wewe unaliona zuri kwa sababu hukuwahi kupelekwa."

Sina la kujibu hapo, na sitajifanya ninalo. Bado naamini mwisho ule ni sahihi. Ila zamani ningeamini hivyo nikadhani anayekataa hajaelewa. Mama ameelewa. Anakataa kwa sababu anajua kilichomo kwenye miaka ambayo kitabu hakikuiandika, na anaona mtu aliyeweza kuiandika alikuwa na wajibu.

Nikirudi kwenye lile swali la cherehani, jibu langu leo ni kwamba mgawanyo wa dhati na pendwa hautuambii chochote kuhusu kitabu. Unatuambia tunamwonaje msomaji wake. Abdulla na Mtobwa wanamwamini msomaji kwamba atashuku. Shafi anamwamini atampenda mtu sahihi. Mkangi, kwa mapenzi yake yote, hamwamini, ndiyo maana anamweleza kila kitu. Kezilahabi anamwamini kupita kiasi. Gurnah anamwamini kiasi cha kumwachia mtoto mikononi, na si kila msomaji atamshukuru kwa hilo.

Jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji mwezi wa saba, likapona vizuri. Wiki iliyopita Mama amerudi Temeke kwenye cherehani yake, na miwani mipya ya kusomea. Nilimwambia achukue vitabu anavyotaka. Akachukua *Mzimu wa Watu wa Kale*, akachukua *Vuta N'kuvute*, halafu akasimama mbele ya rafu na kuchomoa *Peponi*.

Nikamwambia, Mama, si hicho hukukipenda?

Akakitia kwenye mfuko katikati ya vitenge, asikunje jalada. "Sijamalizana nacho," akasema.